MTI WETU USITOKE BILA KAZI YA MIKONO YETU



Katika gazeti hili mmezoea kusoma habari za dhahabu, za kasiteriti na za koltani. Leo tunasema juu ya kiti, meza na kabati. Msicheke. Kiti nacho kina siasa yake, na siasa yake ni ileile ya madini.

Tazameni barabara kubwa inayotoka Bukavu kwenda Goma kando ya Ziwa Kivu. Inapita Miti, Kavumu na Katana, halafu Kalehe na Nyabibwe. Kwa miaka mingi imebeba mifuko ya mawe ya Nyabibwe. Pale Miti inakutana na barabara ya Bunyakiri na Hombo, ambayo huteremsha mbao za msitu mkubwa. Mfuko wa mawe na ubao uliopasuliwa jana vinafanana kwa jambo moja: vyote viwili huuzwa kabla kazi yenye faida haijaanza. Mchimbaji anaujua uchungu huo. Jiwe alilolitoa shimoni huondoka kwa bei ndogo, na siku nyingine hurudi ndani ya simu, na bei ya simu anaijua vizuri. Basi tunamwuliza: uchungu unaouona katika jiwe, mbona huuoni katika mti?

Tuseme kwanza juu ya miti yenyewe. Seremala mzuri wa Katana huijua kwa harufu na kwa uzito. Libuyu ni mwekundu, una mistari inayong'aa, hukubali randa na patasi. Muvula, ambao watu wa pwani huuita mvule, hauogopi mchwa wala mvua. Afrormosia ya upande wa Kisangani ni ngumu na ina rangi ya asali. Imekuwa haba, hata mwaka 1992 mataifa yaliiandika katika orodha ya miti isiyouzwa nchi za nje bila kibali.

Miti hii haikui kama mikaratusi. Libuyu ni wa jamaa ambayo wataalamu huiita Entandrophragma. Mti mmoja wa jamaa hiyo ulipimwa huko Kilimanjaro, na habari zake zikatangazwa mwaka 2016: urefu wake mita 81.5, na umri wake ulikadiriwa kupita miaka 500. Mti wa namna hiyo ulikuwa mzee tayari wakati Ubelgiji ilipokuwa nchi mwaka 1830. Msumeno wa mashine huuangusha kwa asubuhi moja. Kitu kilichokua miaka 500, je, ni haki kukiuza kwa faida ya siku moja?

Sasa hesabuni mikono. Mti ukiondoka kama ubao, wanaokula ni mkataji, mpasuaji, mbebaji, dereva, na wale wanaosimama kwenye vizuizi vya barabara. Ubao ukivuka mpaka, mkate wao umekwisha. Lakini mti uleule ukibaki kwetu uwe kabati lenye milango ya nakshi, wanakula pia seremala, mchongaji, kijana anayejifunza kazi, mwenye kupiga msasa, mpaka verni, mshonaji wa mito ya viti, na mama anayewauzia wote chakula cha mchana. Tena hawali siku moja, wanakula mwezi mzima. Na mbao zilizotumika ni chache! Hilo ndilo jambo tunalotaka mlishike: miti ikiwa haba, dawa si kukata upesi kabla haijaisha. Dawa ni kutia kazi nyingi katika ubao mmoja.

Wengine watasema: hizo ni ndoto, Mwafrika hajawahi kutengeneza vyombo vya fahari. Tunawajibu kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa Balega, ambao wengi wenu mnafanya kazi nao kule Kamituga na Shabunda. Katika chama chao cha Bwami kulikuwa na kiti kiitwacho kisumbi, kilichochongwa katika mti mmoja, kikionyesha cheo cha mwenye kukikalia. Serikali ya Wabelgiji iliikataza Bwami mwaka 1948. Leo kazi nyingi za Balega, za mti na za pembe, ziko katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji. Waliosema kwamba hatuna ufundi walijenga nyumba kubwa ya kuutunza.

Mfano wa pili uko mbali kidogo, lakini unatuhusu. Mafundi wa Lamu na Unguja walitengeneza viti vya enzi kwa mti mweusi, wakavipamba kwa vipande vya pembe ya ndovu. Walichonga pia milango ambayo mpaka leo wageni huvuka bahari kuitazama. Ile pembe ilitoka wapi? Nyingine ilitoka Maniema, ikibebwa na misafara ya Tippu Tip na wenziwe, juu ya mabega ya watu. Sisi tulitoa pembe na mabega. Pwani ikapata kiti na sifa. Pembe ya ndovu leo tusiiguse, maana mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuikataza biashara yake. Lakini pembe ya ng'ombe tunayo, na mti mweupe wa kuulaza ndani ya mti mwekundu tunao. Pambo halikosekani kwa mwenye patasi kali na uvumilivu.

Mfano wa tatu uko mlangoni petu. Karibu na Katana, pale Lwiro, Wabelgiji walijenga kituo kikubwa cha IRSAC, shirika la utafiti lililoanzishwa mwaka 1947. Majengo yale bado yamesimama, na watu huyasifu. Mzungu alichora picha, ni kweli. Lakini nani aliyebeba jiwe, nani aliyepiga randa, nani aliyetia mlango katika fremu yake? Mikono ya watu wa hapa ilikuwapo. Majina yao ndiyo hayakuandikwa ukutani.

Tumejibu wenye dharau. Sasa tuseme kweli juu yetu wenyewe, sababu gazeti linalosifu tu halijengi nchi.

Wanunuzi wana manung'uniko, na manung'uniko yao si ya uongo. Mtu anatoa avansi, fundi anaila, kitanda kinachelewa miezi mitatu. Au kabati linafika zuri, linang'aa kwa verni, na kiangazi cha Juni kikija mlango unapinda, ubao unapasuka kwa sauti kama ya bunduki usiku. Kwa nini? Sababu ubao ulikuwa mbichi. Katika nchi yetu mvua hunyesha tangu Septemba mpaka Mei, na mti mgumu haukauki kwa haraka ya mwenye njaa. Mafundi wazee wanajua kanuni: ubao wenye unene wa inchi moja unahitaji karibu mwaka mzima, umepangwa chini ya paa, na vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Lakini fundi mmoja maskini atawezaje kununua mbao leo na kungoja mwaka? Watoto wake watakula nini? Hapo ndipo kosa la ufundi linageuka kuwa jambo la umaskini, na umaskini wa mtu mmoja mmoja hutibiwa kwa kuungana.

Kuna na kosa la kuunga. Meza ya kweli haishikwi na misumari. Mguu huchongewa ulimi, ubao wa juu hutobolewa tundu, ulimi huingia tunduni kwa nguvu, na kigingi hufunga kazi. Pembe za mtoto wa meza hukatwa meno yanayoumana. Kazi kama hiyo mjukuu ataikuta nzima. Kijana anayefundishwa misumari na gundi peke yake hajapewa ufundi, amepewa njia ya kudanganya mnunuzi.

Na ninyi wanunuzi mna kosa lenu pia. Ndugu mchimbaji, ukipata fedha siku moja njema, unakimbilia viti vikubwa vilivyotoka ng'ambo, vyenye kitambaa cha kumetameta. Ukipasua kitambaa hicho utakuta mbao laini, vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, na sponji. Baada ya mvua mbili vimelala chini. Fedha imekwenda nje mara mbili: jiwe lako lilipotoka, na kiti chako kilipoingia.

Lakini kosa kubwa si la mchimbaji. Ni la wale wanaonunua kwa fedha za watu wote: maofisi, mashule, mahospitali, maparokia, mashirika ya msaada. Ofisi yenye picha ya msitu wa Kongo ukutani ina meza ya tripleksi iliyotoka ng'ambo. Mkubwa anasimama tarehe 30 Juni kusema juu ya uhuru wa 1960, kisha anaketi katika kiti ambacho hakuna mkono wa Mkongo uliokigusa ila wa mpakuzi wa lori.

Neno moja juu ya msitu. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na Batwa waliokaa humo wakafukuzwa. Mpaka leo makala hula msitu huo. Sheria ya misitu ya 29 Agosti 2002 inasema kwamba misitu ni mali ya Taifa, na iliweka mipaka juu ya kutoa magogo nchini yakiwa mazima. Sheria ni nzuri kwenye karatasi. Lakini fundi asiyeuliza ubao wake umetoka wapi anaikata kesho ya mwanawe mwenyewe. Wapo watakaosema kwamba kusifu vyombo vya mti mgumu ni kuhimiza ukataji. Tunakataa. Anayemaliza msitu ni yule anayeuza mti kwa bei ya takataka, maana lazima akate mingi ili ashibe. Mwenye kuuza kazi haitaji miti mingi.

Vita navyo tunavijua. Februari 2025 vilifika Kavumu na Bukavu, uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafunga milango. Siku zile nani aliyeagiza kabati? Lakini angalieni: jiwe huporwa, ubao huporwa, hata randa huporwa. Ufundi ulio mkononi na kichwani hakuna lori linaloubeba.

Basi tunataka mambo manne.

Kwanza, maseremala wa Katana na Kavumu waungane wajenge banda moja la kukaushia mbao. Kila mmoja alete mbao kidogo kidogo, zihesabiwe katika daftari, na asitoe mbichi.

Pili, kila shule, hospitali na parokia ya upande huu inunue madawati, vitanda na makabati yake kwa mafundi wa hapa, kwa maandiko, na tarehe ya kumaliza ijulikane. Fundi akichelewa alipe. Mnunuzi naye akichelewa kulipa, alipe.

Tatu, ubao usionunulika kwa karatasi ya kibali usinunuliwe. Na kila karakana ipande miti, hata kama atakayeipasua hajazaliwa.

Nne, kila fundi mwenye sifa achukue vijana wawili na kuwafundisha kazi nzima: kukausha, kuunga, kuchonga nakshi. Bukavu kuna shule iitwayo Fundi Maendeleo. Jina hilo peke yake ni hotuba. Maendeleo hayaji bila fundi.

Nanyi wachimbaji, mkipata mshahara au bahati, nendeni kwa seremala kabla ya kwenda dukani. Mwulizeni ubao umekaushwa muda gani. Pindueni kiti mtazame miguu yake ilivyoungwa. Kikiwa kizuri, lipeni bei yake bila kumkamua. Kizuri chajiuza, lakini fundi wake lazima ale.

Bendera tuliipata mwaka 1960. Mawe yetu bado hutoka mabichi. Tusikubali na miti itoke hivyo.

Uhuru na kazi!