Pesa ya Kwanza Iende Kwenye Kitambaa

Kila anapotokea kijana hapa Kanoni, Karagwe, anayetaka kuanza kazi ya kuosha na kung'arisha magari, washauri hawakosekani. Yupo dereva anayesubiri abiria, yupo fundi rangi, yupo muuza spea, na yupo yule ambaye hajawahi kushika sponji ila ana shemeji yake Mwanza mwenye kazi hiyo. Maneno yao nayajua kwa sababu niliyaamini, na mtaji wangu wa kwanza uliishia humo. Leo nayajibu, kwa ajili ya yule aliyeuza kahawa yake au mikungu kadhaa ya ndizi, pesa iko mfukoni, na hajui aanzie kununua nini.

"Bila mashine ya presha hiyo si kazi, ni kuchezea maji."

Hili ndilo lililokula pesa za wengi, kwa hiyo nitakaa nalo. Sisemi presha ni mbaya. Inaokoa muda, inafika chini ya madigadi, na mlio wake wenyewe ni tangazo. Lakini gharama yake haiishii dukani. Mashine ndogo ya umeme inakula wati 1,400 hadi 2,000. Umeme ukikatika, nawe umekatika. Na jenereta ya kuiwasha lazima iwe na nguvu kuzidi hapo, maana mota inapoanza huvuta umeme mwingi. Mashine yenyewe inamwaga lita 6 hadi 8 kwa dakika. Dakika kumi tu, madumu matatu au manne ya lita 20 yamekwenda. Kama maji yako yanaletwa kwa baiskeli, mashine hiyo inakunywa faida yako mbele ya macho yako. Ukiipa maji yenye mchanga bila chujio, pampu inakufa, na oringi zake huzipati kwenye duka la jirani. Halafu kuna mkono wa anayeanza. Mdomo wa presha ukisogezwa karibu kuliko sentimita 30 kwenye bampa iliyopigwa rangi upya gereji, rangi inanyanyuka kama ganda la muhogo wa kuchemsha. Bampa hiyo utailipa wewe.

Sasa jiulize presha inafanya nini hasa. Inalainisha tope na kuliondoa kabla mkono haujagusa rangi. Basi. Kazi hiyo ina kifaa ambacho mkulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa anakijua tangu utotoni: solo, lile bomba la mgongoni la lita 16. Weka maji yenye sabuni kidogo, pulizia gari kutoka juu kwenda chini, liache kivulini dakika tano, kisha limwagie maji kwa kopo. Tope lililokaukia chini ya madigadi halitatoka kwa solo. Hilo utaliloweka na kulisugua kwa brashi, tena utatoa jasho. Lakini gari dogo litatakata kwa madumu matatu hadi manne ya maji, kazi nzima, wala hutaulizia umeme.

Angalizo: nasema solo mpya. Iliyowahi kubeba dawa ya magugu au mrututu isiguse gari la mtu. Mabaki hayaishi kwa kusuuza mara moja, na atakayeyavuta puani kutwa ni wewe.

"Mikopo ya halmashauri ipo, chukua ununue mashine."

Ipo kweli. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ila mkopo unadai marejesho hata miezi ambayo mvua inanyesha kila siku na hakuna anayeosha gari. Kaombe pale ambapo magari yanakusubiri kwenye foleni, si wakati wewe ndiye unayeyasubiri.

"Sabuni ni sabuni."

Sabuni ya unga ilitengenezwa kupambana na jasho la kola na mafuta ya mboga. Ina soda. Ukipima maji yake kwa kipimo cha pH utakuta 10 au zaidi, wakati shampuu ya gari hukaa karibu na 7, ilipo pH ya maji safi. Kuoshea mara moja hakuliui gari. Kuoshea kila wiki, juani, ndiko kunakomaliza nta juu ya rangi, kunakausha raba za milango na kuzipausha plastiki nyeusi za bampa. Na zile chembe ambazo hazikuyeyuka vizuri kwenye ndoo zinasuguliwa juu ya rangi kama msasa.

Watu hukimbia shampuu wakiangalia bei ya chupa. Angalia bei ya gari moja. Shampuu nyingi huchanganywa takribani mililita 30 kwa ndoo ya lita 10. Chupa ya lita moja inatoa ndoo 33. Gawanya bei kwa 33, halafu useme kama ni ghali.

Kuna anayejibu hapo: "Basi nitachukua sabuni ya maji ya kikundi cha akina mama." Kwa hili nakubaliana naye nusu, maana ndilo wazo zuri kuliko yote yanayotajwa katika mjadala huu. Akina mama wanatumia salfoniki, slesi, soda, na chumvi ya kuifanya iwe nzito. Slesi ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye shampuu nyingi za magari. Ubaya uko kwenye kipimo: soda ikipungua, salfoniki inabaki na ukali wake; ikizidi, umerudi kwenye sabuni ya unga. Nunua karatasi za kupimia pH, zile wanazotumia maabara za shule, uchovye. Ikisoma 7 au 8, chukua. Tena zungumza nao wakutengenezee chungu kimoja chenye chumvi kidogo. Mteja wa kila mwezi hawatamkataa.

"Tambara lolote linafuta. Kata kipande cha godoro."

Hapa ndipo nilipoumia. Gari lilikuwa jeusi, la mtu ninayemheshimu, nami nililiosha kwa kipande cha godoro na kulikausha kwa fulana kuukuu. Jioni lilimeremeta. Kesho yake saa nne asubuhi, jua limeshapanda, mwenyewe akaniita. Mlango mzima ulikuwa na mistari midogo ya mviringo kama utando wa buibui. Sikuwa na la kusema. Nililipa fundi wa kuung'arisha kwa pesa ya magari mengi niliyokuwa nimekwisha kuyaosha.

Sababu yake iko ardhini. Ukitoka kwenye lami ya Kyaka hadi Bugene, unaingia kwenye vumbi letu jekundu. Wekundu ni kutu ya chuma iliyomo kwenye udongo. Huo unachafua tu. Kinachokwaruza ni chembe za mchanga wa kwazi zilizochanganyika humo. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kwazi ni 7, wakati kioo cha dirisha ni kama 5.5. Kinachokwaruza kioo, rangi ya gari itakifanya nini? Rangi yote ya kiwandani, pamoja na tabaka zake, ina unene wa takribani mikroni 100 hadi 150. Klia ya juu, ile inayong'aa, mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50. Karatasi ya kuchapia ofisini ni kama mikroni 100. Kwa hiyo unachokisugua hakizidi nusu ya unene wa karatasi.

Godoro halina mahali pa kuficha chembe. Linaikokota juu ya rangi kutoka boneti hadi buti. Fulana ina mishono. Kitambaa cha mikrofaiba, kilichofumwa kwa poliesta na nailoni, kwa kawaida 80 kwa 20 au 70 kwa 30, kina manyoya mafupi yanayoimeza chembe iondoke usoni. Hapa ndipo pesa ya kwanza iende, kabla ya chochote kinachopiga kelele au kunukia. Nunua vitambaa vinane na taulo kubwa moja la kukaushia, la kitambaa hicho hicho. Chagua rangi tatu: moja ya bodi, moja ya ndani, moja ya rimu na chini. Ya rimu isipande juu hata siku moja. Kitambaa cha bodi kikianguka chini kimeshuka cheo. Kuanzia hapo ni cha rimu, hakuna rufaa.

Ndoo ziwe mbili. Za mafuta ya kula za lita 20 zinafaa sana zikisafishwa. Moja ina sabuni, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila unapomaliza paneli moja. Ukitumia ndoo moja, unalirudishia gari mchanga wake mwenyewe. Vitambaa vifuliwe peke yake, bila ile dawa ya kulainisha nguo, visipigwe pasi, na vianikwe ndani. Ukivianika uani kiangazi, vitakusanya vumbi lile lile ulilotoka kulipigania.

"Dizeli kidogo chini na kwenye tairi, gari linakuwa jipya."

Kwa siku moja. Dizeli na mafuta ya taa huvimbisha raba na kuilegeza, nazo bushi, mipira ya breki na tairi ni raba. Mafuta hayo ni gundi ya vumbi. Kabla gari halijafika kona ya pili limeshavaa shati jekundu. Lami iliyoganda kwenye chuma unaweza kuiondoa kwa tone la mafuta ya taa kwenye kitambaa, kisha ukaosha hapo hapo kwa sabuni. Zaidi ya hapo, hapana.

"Dashibodi isipometa, mteja halipi."

Wapo wateja wa namna hiyo, sikatai. Lakini dashibodi inayometa inajiakisi kwenye kioo cha mbele, na dereva anayepanda mlima jua likiwa usoni anaona dashibodi badala ya barabara. Mpe mteja dashibodi safi: kitambaa chenye unyevu, na brashi ya rangi ya inchi moja kwa matundu ya hewa. Anayetaka kumeta mpakie kidogo, ila usiguse usukani wala pedeli. Wenye bodaboda nao watakuomba tairi zing'ae. Tairi ya pikipiki na siti yake usizipake kitu chochote cha kuteleza, hata akikuongezea pesa. Utazipaka asubuhi, usiku watu wako hospitali.

Tukiwa ndani ya gari, niseme la utomvu wa ndizi, kwa kuwa Noah na Probox za huku zinabeba mikungu kama zinavyobeba watu. Mama anayemenya ndizi hupaka mafuta mikononi kwanza, na hiyo ndiyo siri. Utomvu ukiwa bado mbichi kwenye plastiki, pitisha kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Kwenye kitambaa cha siti, ukiwa umeshakuwa mweusi, usiahidi muujiza. Mshauri mteja anunue turubai.

"Nunua seti kamili kutoka Kampala, kila kitu kimo."

Kila kitu kimo, na nusu yake hutaifungua mwaka mzima. Chupa za rangi rangi, mawaksi ya aina tatu, udongo wa kuvutia uchafu uliong'ang'ania, polishi ya kukata. Hiyo polishi ya kukata ndiyo ya kuogopa. Toyota nyingi nyeupe za zamani zina rangi namba 040, ambayo kwa kawaida haina klia juu. Anayeanza anasugua, kitambaa kinageuka cheupe, anafurahi kwamba uchafu unatoka. Kinachotoka ni rangi ya gari. Achana nayo mpaka uwe umefundishwa na mtu, kwenye mlango wa gari bovu. Nta ya kupaka kwa mkono, kopo moja, inakutosha, kwa mteja anayeiomba.

"Peleka magari mtoni, maji ya bure."

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hata kama isingekuwepo, oili ya gari unaloliosha inakwenda kwenye ndoo ya mtu aliye chini yako. Osha juu ya kokoto au majani, mbali na kijito, maji yazame ardhini.

Sasa vihesabu vifaa: ndoo mbili, kopo, shampuu lita moja au sabuni ya akina mama iliyopimwa, vitambaa vinane, taulo, brashi ya rimu, brashi ya inchi moja, kopo la nta. Vyote vinaingia ndani ya ndoo zile mbili na kufungwa nyuma ya baiskeli. Solo utaivaa mgongoni.