Mpe Ufunguo wa Stoo

Ukishuka basi Songea usiku wa manane na kugonga geti la gesti mojawapo ya Majengo, atakayekufungulia ni mtu mmoja. Alikuwa amejinyoosha nyuma ya kaunta. Ndiye atakayekusogezea daftari la wageni ujaze jina, utokako, uendako, kazi yako na sahihi. Ndiye atakayekutafutia ndoo ya maji ya moto kama hita imegoma. Asubuhi utamkuta anafua shuka, mchana anahesabu kreti za soda. Muulize meneja ni nani. Atakwambia ni mpwa wa bosi, anakuja Jumamosi kuchukua hesabu.

Sisi tunasema meneja ni huyo aliyekufungulia geti. Anachokosa ni ufunguo wa stoo, daftari la manunuzi na mshahara unaolingana na kazi anayoifanya tayari.

Wageni wapo. Kuna wanaofuata kahawa ya Mbinga na makaa ya mawe ya Ngaka, kuna wanunuzi wa mahindi wakati wa mavuno, kuna ndugu wa wagonjwa wa hospitali ya Peramiho, na kuna wanaokuja kila Februari 27 kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa mwaka 1906. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, Oktoba 2023, mgeni anaweza kubisha hodi saa tisa alfajiri. Anayewajua wageni hawa mmoja mmoja si mpwa wa Jumamosi. Mhudumu anajua dereva wa lori anauliza kwanza pa kuegesha, chumba baadaye. Anajua mwanasemina asipopata risiti ya EFD atarudi na ugomvi, maana bila risiti harejeshi masurufu ofisini kwao. Anajua wiki gani vyumba vinajaa na wiki gani afadhali kupunguza bei kuliko kulaza vitanda vitupu. Maarifa ya namna hiyo hoteli kubwa huyanunua kwa washauri. Hapa Majengo yanalala kwenye godoro nyuma ya kaunta, na bosi hajawahi kuyauliza.

Mtu wa namna hii hupandaje? Kwa kawaida, baada ya miaka mitatu minne, anaitwa supavaiza. Cheo hicho ni cha bure. Kinamwongezea zamu na lawama, na pengine fulana yenye nembo ya gesti. Anasimamia wenzake wawili, lakini sabuni ikiisha anapiga simu kwa bosi. Mchele ukiisha, simu. Balbu ikiungua, simu. Na bosi naye analalamika kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawana akili ya kuamua.

Ngazi ya kweli katika kazi hii ni stoo. Anayeshika stoo anaandika kilichokuwepo asubuhi, anajumlisha kilichonunuliwa, anaondoa kilichobaki jioni, kisha analinganisha kilichotumika na sahani zilizouzwa na vyumba vilivyolaliwa. Akifanya hivyo mwezi mzima atajua kilo ya mchele inatoa sahani ngapi jikoni kwao, na siku sahani zikipungua atauliza kwa nini. Atajua kipande cha sabuni kinatosha wageni wangapi. Atajua kwamba dagaa wa Nyasa wanauzika kuliko kuku ambaye bosi anamng'ang'ania kwenye menyu. Hapo amevuka kutoka kutumwa hadi kuongoza. Asiyejua hesabu hiyo atabaki mhudumu hata akivaa tai.

Wenye gesti wana jibu lao: nikimpa stoo ataniibia. Hofu hiyo tunaielewa, ila dawa waliyoichagua ndiyo mbovu. Wizi unazuiwa na daftari, hauzuiwi na undugu. Ndugu naye anakula, tena huyo kumfukuza ni kesi ya ukoo mzima. César Ritz, ambaye hadi leo hoteli za kifahari zinaitwa kwa jina lake, alikuwa mtoto wa mwisho kati ya 13 katika familia ya wakulima wa Uswisi, akaanza kama mwanafunzi wa uhudumu. Mwaka 1898, mwaka uleule Wabenediktini walipoanzisha misheni ya Peramiho, alifungua hoteli yake Paris. Mwaka huohuo hoteli ya Savoy ya London, alikokuwa meneja, ilimfukuza yeye na mpishi wake Escoffier, kwa sababu mvinyo wa maelfu ya pauni haukujulikana ulikokwenda. Kama daftari lilimnasa Ritz, litamnasa yeyote: mhudumu, mpwa, na bosi mwenyewe anayechomoa bia mbili kwenye friji kila jioni halafu mwisho wa mwezi anauliza mbona hesabu haikai.

Sheria nayo haiko upande wa mazoea haya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataka kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ilipiwe nyongeza ya asilimia 5. Sheria hiyohiyo inawatoa kwenye ukomo wa saa wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti kwa wakubwa moja kwa moja. Basi bosi achague. Kama aliyelala kaunta si meneja, alipwe saa za ziada na za usiku. Kama ni meneja, alipwe umeneja. Kumtumia kama meneja usiku na kumlipa kama kibarua mwisho wa mwezi ni dhuluma.

Wapo pia wanaotaka cheo cha binti wa kaunta kilipiwe chumbani. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, na mlango wa kugonga ni TAKUKURU.

Kwa vijana wenyewe tuna neno pia, na halitawafurahisha wote. Kuhama gesti kila baada ya miezi minne kwa ajili ya nyongeza ya elfu ishirini kunawapa nauli, hakuwapi cheo, kwa sababu hakuna nyumba mnayokaa hadi mkaijua ndani nje. Ombeni daftari kabla ya kuomba fulana. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na tunajua kwa kijana wa Majengo nauli, chumba na ada ni mlima. Lakini VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: mpishi au mhudumu anapimwa kwa anachokiweza, anaelekezwa pale anapopungukiwa, anapewa cheti. Miaka sita ya kukaanga chipsi na kupokea wageni isiishie kusimuliwa tu kwenye usaili.

Na kuna karatasi nyingine ambayo haihitaji chuo. Sheria ile ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza, na hati ya utumishi anapoondoka. Hati hiyo ni ukurasa mmoja: alianza lini, aliacha lini, alifanya kazi gani. Bila ukurasa huo, aliyeendesha gesti ya vyumba ishirini kwa miaka mitano anafika hoteli ya mjini Iringa au Dar es Salaam akiwa hana la kuonyesha zaidi ya namba ya simu ya bosi, na bosi hapokei.

Mwenye gesti unayesoma haya, kuna mtu aliondoka kwako mwaka huu bila hati. Unalijua jina lake na namba yake bado unayo. Iandike leo, kisha yule aliyebaki kaunta mkabidhi ufunguo wa stoo na daftari jipya.