Hedifoni si Hereni



Leo nimekuja na ugomvi. Nimechoka kuona dada zetu wanaorekodi kaswida na nyimbo za harusi majumbani wanachukua laki na nusu waliyoidunduliza kwa miezi, wanakwenda kununua hedifoni isiyo na waya, rangi ya dhahabu, yenye taa zinazowaka pembeni, halafu baada ya wiki tatu wanasema kurekodi nyumbani hakuwezekani. Kunawezekana, shoga. Kilichokushinda si chumba chako wala koo lako. Ni hilo pambo ulilouziwa.

Najua kuna atakayeuliza, hii ni habari ya mabibi harusi kweli? Ni yao hasa. Siku hizi hakuna ukumbi wa wanawake ambao bibi harusi anaingia kimya. Anataka kaswida yenye jina lake, jina la mama yake, na la bibi yake kama yuko hai. Anayeimba ni mwanamke, wanaosikiliza ni wanawake. Sasa niambieni, kwa nini sauti hiyo ipite kwanza kwenye chumba cha vijana wa kiume saa nne za usiku, ibaki kwenye kompyuta yao, na mwezi ujao uisikie kwenye status ya mtu asiyekujua wala humjui? Nimeshona sare za vikundi vya kaswida miaka mingi na malalamiko haya nayasikia wakati napima mabega. Mwimbaji alikubali kuimbia ukumbi mmoja. Hakukubali kuimbia mji mzima. Anayerekodi nyumbani kwake faili analo yeye, na akilifuta limefutika. (Suala la ala na dufu masheikh wetu wameshalizungumza, sina elimu ya kuliingilia. Mimi nazungumzia vifaa.)

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alivuka bahari mpaka Bombay kwa sababu mashine za kurekodi sahani za santuri zilikuwa huko. Leo mashine iko ndani ya simu yako, na kwenye kompyuta programu kama Audacity hailipiwi hata senti. Tulichobaki nacho ni masikio. Na ndipo wauzaji walipotukamatia.

Nitaieleza kifundi, maana cherehani ndiyo shule yangu. Hedifoni ya kurekodia ni tepu ya kupimia. Tepu ikiwa imekatwa inchi moja mwanzoni, hata uwe fundi wa mafundi, kila shela utakalokata litapwaya au litabana, na hutajua mpaka mwali alivae. Hedifoni ya starehe ni tepu ya namna hiyo, tena imekatwa makusudi. Kiwanda kimeongeza besi ili muziki ukuvutie dukani. Kwa kusikilizia tu wala si vibaya. Lakini wewe unayechanganya sauti unasikia dufu linanguruma, unasema limezidi, unalipunguza. Unapeleka wimbo ukumbini, kwenye spika zisizo na besi ya bandia, na lile dufu linalia kama kifuniko cha sufuria. Bibi harusi anaingia, watu wanatazamana.

Kibaya zaidi ni ile herufi "s". Kaswida zetu zimejaa sala na salamu. Maiki za bei rahisi zinapenda kuinoa hiyo "s" na "sh" mpaka inachoma. Hedifoni iliyojazwa besi inaifunika, wewe huisikii, unaipitisha. Ukumbini inatoka kama sindano. Hedifoni ya studio haikupambii, inakuonyesha mshono ulipopinda, na wengi wakiivaa mara ya kwanza husema "mbona haina utamu?" Haikutengenezwa iwe na utamu!

Halafu hili la Bluetooth. Muuzaji atakwambia waya umepitwa na wakati. Mwambie aimbe yeye. Sauti inayopita hewani lazima ifungashwe, itumwe, ifunguliwe, na safari hiyo kwenye hedifoni nyingi inachukua sehemu ya kumi mpaka robo ya sekunde. Ukisikiliza darsa huoni tofauti. Ukitaka kuimba kiitikio juu ya sauti yako uliyokwisha rekodi, unaisikia imechelewa, nawe unaimba umechelewa zaidi, na sauti tatu za mtu mmoja zinagongana kama watu wanaogombea mlango. Kwa kazi hii ni waya, basi.

Kuna kundi la pili linalonikera vile vile, la wanaotisha watu kwa bei. Hao watakwambia bila milioni huna studio, na watakutajia Sennheiser HD 600. Ni hedifoni nzuri mno, sibishi. Lakini imeachwa wazi nyuma, sauti inavuja nje. Ukiivaa unaimba mbele ya maiki, ule mdundo unaokuongoza unavuja na kuingia kwenye maiki pamoja na sauti yako, na hautoki tena. Pili, ina ukinzani wa omu 300, kwa hiyo simu yako itaisukuma kwa taabu na utasikia mnong'ono mpaka ununue kifaa kingine cha kuikuzia. Umelipa zaidi kwa kitu kisichokufaa.

Unachotaka wewe ni hedifoni iliyozibwa nyuma, inayofunika sikio lote, yenye waya, na omu zisizozidi 80 hivi. Omu zimeandikwa kwenye boksi, kasome mwenyewe. Nitataja majina ili mtu asije akakuzungusha. Audio-Technica ATH-M20x huko Marekani inauzwa kama dola 50. Ongeza usafiri na faida ya muuzaji, bado iko jirani na ile laki na nusu uliyoipeleka kwenye taa. Ina waya wa mita 3, haichomoki, na kwa kuanzia inatosha. Ukiweza kufika kama dola 100, kuna ATH-M40x ambayo waya wake unachomoka, na kuna Sony MDR-7506 iliyoanza kuuzwa mwaka 1991 na mpaka leo iko kwenye studio na vituo vya redio duniani. Kwenye hiyo Sony "s" inayochoma huwezi kuikosa, itakuchoma wewe kwanza. Nyeusi, waya umejikunja kama wa simu ya mezani ya zamani, haina uzuri wowote. ATH-M50x ndiyo mnayoiona kwenye video za wasanii. Ni nzuri, lakini tofauti ya bei yake na M40x mimi ningenunulia maiki.

Jina likiwa kubwa na bei ikiwa ndogo mno, hiyo ni feki. Darajani zimejaa. Usijaribu hedifoni barabarani huku makonda wanaita abiria. Omba uingie ndani, uvae, uchomeke simu yako mwenyewe, si simu ya dukani yenye ule wimbo wao wa besi. Sikiliza kitu unachokijua kwa moyo, na kizuri zaidi ni sauti ya mtu anayezungumza, mama yako kwenye ujumbe wa WhatsApp. Kama mama yako anasikika kama yumo ndani ya mtungi, irudishe. Tikisa waya pale unapoingia kwenye sikio, uone kama upande mmoja unakatika. Akikwambia "dada, wewe chukua hii, wanawake wote wanachukua hii", ondoka. Na kabla hujatoka nyumbani angalia kama simu yako ina tundu la waya. Nyingi mpya hazina, utahitaji kiunganishi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la chaji.

Sasa mambo ambayo wanaume wanaoandika kuhusu hedifoni hawatakwambia, kwa sababu hawavai ushungi. Hedifoni iliyozibwa inafanya kazi kwa kuzibana na ngozi. Ukiivaa juu ya mtandio, kitambaa kinaacha upenyo, besi inatoroka, na sauti ya ndani inavujia kwenye maiki. Ukiwa nyumbani na wanawake wenzio vua, au ivae chini ya ushungi moja kwa moja kwenye sikio. Vua na hereni, zinagonga. Kama lazima kuwe na kitambaa kati, basi kiwe chepesi na kikunjo kimoja, si shela lenye mawe lililokunjwa mara nne.

Na joto letu hili. Zile ngozi za bandia za kuzunguka sikio hazipendi jasho wala chumvi ya bahari, zinababuka na kukuachia madoa meusi shavuni. Chagua aina ambayo pedi zake zinauzwa peke yake na zinabadilishika, hizo nilizotaja zote zinabadilishika. Nimeshashonea watu vifuniko vya pamba nyembamba inayovutika, vinafuliwa na kurudishwa. Lakini msiniletee velveti wala taulo. Pedi ni sehemu ya sauti, ukiweka kitambaa kizito unapata hedifoni nyingine kabisa, na pesa yako ya tepu iliyonyooka umeitupa.

Kuna wanaosema hedifoni peke yake haitoshi, lazima uwe na spika kubwa za studio. Kwenye chumba kitupu chenye kuta za saruji na sakafu ya marumaru, spika hizo zitakudanganya kuliko hedifoni, sauti inagonga ukuta na kurudi. Tena jirani ana mtoto mchanga. Fanyia kazi kwenye hedifoni kwa sauti ya chini, pumzisha masikio kila nusu saa, halafu jaribu wimbo kwenye simu, kwenye gari la kaka, kwenye redio ya jikoni. Ukumbini nenda mapema, kabla ya kupanga viti, uusikie kwenye spika za pale. Na kurekodi rekodi kwenye chumba chenye vitambaa na magodoro mengi. Chumba changu cha kushonea chenye majora ya vitambaa mpaka darini kinameza mwangwi bila mimi kununua hata sponji moja. Zima feni, vumilia dakika nne.

Mabibi harusi, nanyi mna sehemu yenu. Unalipa ukumbi, unalipa mpambaji, unalipa wa hina, na mwimbaji unamwambia "tutaonana baadaye, In shaa Allah". Baadaye hiyo ndiyo inayompeleka kwenye chumba cha watu kwa sababu hana cha kununulia waya. Mpe nusu anapoanza. Muulize anarekodia wapi, nani mwingine atakuwa na faili, na umwambie wazi kama hutaki jina lako litoke nje ya ukumbi. Majina ya mama na bibi muandikie, usimtumie kwa sauti, maana nimeshasikia Mwanakheri akiimbwa Mwanaheri ukumbi mzima, na mama mwenye jina amekaa mstari wa mbele.