UNGA UNALIPA NJIA, NA SISI TUNALIPA UNGA



Kila asubui mama zetu wa Lubumbashi wanaenda sokoni na feza ileile, na kila mara kikapu kinarudi chepesi. Watu wanasema mahindi yamekuwa kali. Sisi tunajibu: hapana. Mahindi si kali. Njia ndiyo kali.

Tufuate safari ya mufuko mmoja. Mulimaji wa upande wa Kaniama au wa Pweto anauza mavuno yake kwa bei ya chini, sababu hana gala, hana kamyo, na mvua inakaribia. Mufuko unapandishwa juu ya kinga mpaka njia kubwa. Pale unangoja kamyo siku nyingi. Kamyo inapofika, inapita katika matope na madaraja mabovu, inavunja vyuma, inakunywa mafuta. Halafu vizuizi. Halafu depo ya muji, kisha muchuruzi mukubwa, kisha muchuruzi mudogo, kisha mama anayepima kwa meka. Kila mukono unataka kula. Wa mwisho ni wewe, na ni wewe unayelipa yote.

Tufanye mufano. Kamyo inabeba tani 10, ni kusema mifuko 200 ya kilo 50. Kama inakuta vizuizi 10, na kila kizuizi kinaomba franka 20,000, ile ni franka 200,000. Kila mufuko unaongezewa franka 1,000 mbele ya kuona soko. Tena kamyo ikirudi tupu, mwenyewe analipisha unga safari mbili: ya kuja na ya kurudi. Nani amekula ile feza? Si mulimaji, wala si mama wa soko.

Wakati wa wakoloni, kampuni ya Union Minière iligawia wafanyakazi wake posho ya unga. Haikufanya vile kwa kutupenda. Ilijua kwamba mutu mwenye njaa hachimbi shaba. Reli ilifika Elisabethville mwaka wa 1910, Bukama mwaka wa 1918, na Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, mwaka wa 1928. Ilijengwa kwa ajili ya shaba, lakini ilibeba vilevile chakula. Hatusemi haya kwa kulilia utumwa. Tunauliza tu: kama mugeni alijua kwamba chungu kinaanza na njia, mwenye inchi anasahau namna gani? Tangu tarehe 30 Juni 1960 inchi ni yetu. Reli ile ni yetu, na uchakavu wake ni aibu yetu.

Wengine wanasema: acheni hayo, Kasumbalesa ni kilometa karibu 90 tu, tununue unga kwa jirani. Jirani ni ndugu, tunamushukuru. Lakini mwezi wa Februari 2024 Zambia yenyewe ilitangaza shida ya taifa juu ya ukame. Mutu gani atakuuzia unga wakati watoto wake wanalala na njaa? Anayekula kwa mulango wa jirani hana usemi siku mulango unafungwa. Na tazameni ginsi makamyo ya shaba yanavyopita usiku na mchana kwenda baharini, wakati mahindi yetu yanaoza kando ya njia. Je, shaba inapikwa bukari?

Kwa hiyo tunataka mambo manne. La kwanza, wagoni za chakula zipite mbele kwenye reli, sababu wagoni moja inabeba muzigo wa makamyo mengi. La pili, kila kodi ya njia ilipwe mara moja, kwa karatasi moja, na kizuizi kisicho na karatasi kiondolewe. La tatu, walimaji wajenge gala zao pamoja karibu na stesheni, wauze kwa umoja. Na wagoni zisirudi tupu, zibebe chumvi, sabuni, nguo na mbolea. La ine, bei ya kubeba mufuko iandikwe wazi pale stesheni na sokoni, kila mutu aisome.

Tusidanganyane, wandugu. Anayesimama kwenye kizuizi ni mutoto wetu. Anayeficha mifuko akingoja bei ipande ni jirani yetu. Hawa hatuwezi kuwafukuza kwa meli kwenda Ulaya. Lazima tuwaambie usoni: munakula sahani ya watoto wenu.

Bendera ni kitu kizuri, na tuliililia. Lakini mutoto haulizi bendera wakati wa jioni. Anauliza kama bukari iko. Jibu lake liko njiani, na njia ni kazi yetu.