Mnunuzi wa nyumba aonyeshwe hesabu yote kabla ya kutoa arubuni

Nyumba ya shilingi milioni 4 mjini Mombasa hainunuliwi kwa shilingi milioni 4. Aliyekopa kwenye chama cha akiba na kuuza ng'ombe ili kufikisha kiasi hicho huligundua hilo akiwa ameshatoa arubuni ya asilimia 10, ameshatia saini mkataba, na siku 90 za kukamilisha mauziano zinakwenda. Ndipo wakili anapomwekea mezani karatasi yenye safu ya tarakimu, naye hutoka pale akinung'unika kwamba mawakili ni wezi.

Lawama hiyo mara nyingi humwangukia asiyestahili. Kwenye karatasi ile, mzigo mkubwa ni wa serikali: ushuru wa stempu, ambao hulipwa na mnunuzi, ni asilimia 4 ya thamani ya mali mjini na asilimia 2 mashambani. Kwa nyumba hiyo ni shilingi 160,000. Ada ya wakili, kwa viwango vya mwaka 2014, ni asilimia 2 kwa mali isiyozidi shilingi milioni 5, yaani 80,000, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, 12,800. Jumla ni 252,800, na hapo gharama za upekuzi na usajili hazijaguswa. Mwenye kukopa benki humlipa pia wakili wa benki, na hati ya rehani ina ushuru wake wa asilimia 0.1 ya mkopo.

Wakili hajitungii viwango hivi. Akitoza chini yake anavunja sheria. Ila vimeandikwa kwa Kiingereza, ndani ya kanuni ambazo muuza samaki wa Kongowea au mwalimu wa Kilifi hana sababu ya kuzifungua maishani mwake. Hapo ndipo Chama cha Mawakili kinapopaswa kubanwa. Kila mteja apewe ukurasa mmoja wa Kiswahili siku anapoingia ofisini, kabla ya senti moja kutoka mfukoni: ada ya wakili ni kiasi gani, ya serikali kiasi gani, ya benki kiasi gani, na ipi huenda ikabadilika. Kazi hiyo haimalizi hata nusu saa.

Bili inayokuja kwa kushtukiza huwatisha wengi hata wakamkimbilia dalali, ambaye huchapisha mkataba dukani na kuuita wa kisheria. Kuandaa hati za ardhi kwa malipo bila kuwa wakili ni kosa nchini Kenya. Halafu anayemkwepa wakili hukosa upekuzi uliofanywa na mtu anayejua kuusoma. Matokeo ya upekuzi huonyesha kiwanja chenyewe, mwenye kiwanja, na mwisho kabisa mizigo iliyokikalia: rehani, zuio, amri ya mahakama. Wengi husoma jina la muuzaji, wakaridhika, wakaikunja karatasi kabla ya kufika huko mwisho.

Na hata upekuzi pekee hautoshi tena. Aprili 2023 Mahakama ya Juu Zaidi iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali ambacho Rais Daniel arap Moi aligawiwa mwaka 1989 na baadaye kikapita mikononi mwa wengine. Mahakama ilisema kuwa na hatimiliki mkononi hakutoshi ikiwa ardhi iligawiwa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kampuni ikakosa kiwanja. Kwa hiyo wakili wa leo hulazimika kuifuata historia ya ardhi hadi kwenye chimbuko lake, na shilingi 80,000 kwa kazi hiyo si nyingi.

Muuzaji naye ana hesabu yake. Tangu Januari 2023, kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali imepanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Wengi hawajui kwamba mtu anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza husamehewa kodi hiyo.

Wapo wanaokubaliana kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza ushuru. Hilo haliwafai kitu, kwa sababu mthamini wa serikali hutazama thamani halisi ya mali. Mnunuzi hujiumiza zaidi, maana siku atakapouza na akawa hana msamaha, ile bei ndogo itaifanya faida yake ionekane kubwa kuliko ilivyo. Kinachoipunguza faida hiyo kihalali ni gharama za kununua na kuuza, ada ya wakili ikiwemo. Lakini ni lazima zithibitishwe, na huenda risiti yenyewe iko ndani ya bahasha ya kaki iliyotupwa juu ya kabati tangu siku ya kuhamia.