Bahasha Madhabahuni

Wako wahubiri watuambiao kwamba fedha haina dini, na kwamba maadamu paa la kanisa linavuja, haidhuru mabati yametoka kwa nani. Maneno hayo husemwa kwa sauti kubwa siku ya harambee, mgeni wa heshima akiwa ameketi mbele na walinzi wake wamesimama mlangoni. Ni maneno ya uongo, na aghalabu wayasemao wanajua hivyo.

Hebu tuitazame Kenya. Tarehe 14 Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki waliisuta serikali hadharani kwa uongo na kwa mzigo wa kodi. Siku tatu baadaye Rais William Ruto alihudhuria misa katika parokia ya Soweto, Nairobi, akatoa shilingi milioni 2 za kujengea nyumba ya padre, na nyingine kwa kwaya, akaahidi na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akazikataa zote, akaagiza zirudishwe. Wengi walishangaa, wengine wakamwona hana adabu kwa mkuu wa nchi. Lakini angefanyaje? Huwezi kumkemea mtu Alhamisi na kulala katika nyumba yake Jumapili.

Watetezi wa bahasha hupenda kumtaja Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliyewarudishia Wayahudi vyombo vya hekalu. Sawa. Lakini Koreshi hakuja hekaluni kuomba kipaza sauti.

Mimi namkumbuka zaidi Amazia, kuhani wa Betheli. Alipomfukuza nabii Amosi hakusema kwamba Amosi amenena uongo. Alisema tu kwamba pale ni patakatifu pa mfalme, basi aende akahubiri kwao. Ndugu msomaji, hapo ndipo penye mtego wote. Kanisa halinunuliwi ili lihubiri uongo. Hununuliwa ili ukweli utafutiwe mahali pengine. Kwa hiyo sijali kama mtoaji ni mwema au mwovu, wa serikali au wa upinzani. Nauliza jambo moja: akidhulumu watu mwezi ujao, ni nani humu ndani atakayesimama mimbarini amwambie?

Zamani walikuwapo wa kusimama. Mwaka 1988, kura za mchujo zilipopigwa kwa mlolongo, wenye mstari mfupi wakatangazwa washindi, viongozi kadhaa wa makanisa walipinga waziwazi, akiwamo Askofu Alexander Muge wa Eldoret. Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge alikwenda. Tarehe 14, akirudi, gari lake liligongana na lori, akafa.

Mtu wa namna hiyo hakuwa na basi la kuahidiwa.

Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kianglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubu katika ibada. Alifanya vyema, ijapokuwa amri ya kipaza sauti haiigusi bahasha inayopita mlango wa nyuma. Machi 2025 kanisa moja la Roysambu lilipewa na Rais shilingi milioni 20. Jumapili iliyofuata vijana waliandamana kuliendea, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Ibada ya Mungu ikalindwa na bunduki za serikali, na waliokuwa nje, wakikohoa, ni watoto wetu tuliowabatiza.