Tusiseme Tena "Ni Uzee Tu": Anayemwuguza Mzee Nyumbani Afundishwe Uuguzi

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika kliniki ya mkoba mkoani Kagera, msichana mmoja alimleta bibi yake kutoka upande wa Songambele. Alieleza kwamba bibi huuliza swali moja mara kumi, huficha jembe kisha hudai ameibiwa, na usiku huamka akitaka kuwapikia watoto ambao walikwisha kufariki. Nilimpima shinikizo la damu, nikasikiliza kifua, nikaandika vitamini, kisha nikatamka maneno ambayo wengi wetu katika taaluma hii tumewahi kuyatamka: "Ni uzee tu. Mvumilieni." Foleni ilikuwa ndefu, na mazungumzo yetu hayakufika dakika tano.

Walirudi baada ya miezi minane. Bibi aliletwa kwa pikipiki, akiwa amebanwa katikati ya dereva na mjukuu wake. Midomo ilikuwa imekauka kwa kukosa maji, kidonda cha kulalia kilikuwa kimefika kwenye mfupa wa kiuno, na kwenye kifundo cha mkono palikuwa na alama ya kamba. Usiku mmoja alikuwa ametoka akaingia katika kibanja cha jirani, na minong'ono ya uchawi ikaanza. Familia ilianza kumfunga usiku kwa kuhofia maisha yake. Aliishi wiki tatu tu baada ya siku ile. Mjukuu hakunilaumu kwa sauti. Alisema: "Daktari, uliniambia nimvumilie. Hukuniambia namna ya kumtunza."

Tangu siku hiyo nimeamini jambo moja, nalo ndilo ninalolitetea hapa. Ugonjwa wa usahaulifu, ambao kitaalamu huitwa dimensia, tiba yake kubwa ni uuguzi. Kwa vijiji kama vya Songambele, muuguzi mkuu ni mtu wa nyumbani: binti, mkwe au mjukuu. Kumwacha aondoke kituoni bila kumfundisha kazi hiyo ni sawa na kumnyima mgonjwa dawa iliyopo dirishani.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Kusahau mahali ulipoweka funguo ni jambo la kawaida. Kusahau funguo ni za kazi gani, kupotea katika njia uliyoipita miaka hamsini, au kutomtambua mtoto uliyemzaa, ni dalili ya ubongo unaougua. Chanzo kinachoongoza duniani ni ugonjwa wa Alzheimer, na kinachofuata ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, ambako huchangiwa sana na shinikizo la juu la damu, kisukari na kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ulionesha kiwango cha takriban asilimia 6.4 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kwa hiyo anayedhani huu ni ugonjwa wa Wazungu hana budi kubadili mawazo.

Wapo wenzangu wanaouliza: tutautambuaje bila vipimo vya picha za ubongo? Watafiti waliofanya kazi Hai walikwisha kutujibu. Waliandaa kipimo kifupi kinachomfaa hata mzee ambaye hakuwahi kuingia darasani. Humtaka ataje wanyama wengi kadiri awezavyo ndani ya dakika moja, akumbuke orodha fupi ya maneno, apange njiti za kiberiti kama alivyooneshwa, na aseme leo ni siku gani. Njiti za kiberiti hazikosekani katika zahanati yoyote. Muhimu zaidi ni kumsikiliza anayeishi na mzee, kwa kuwa ndiye anayejua alivyokuwa jana na mwaka juzi.

Kabla ya kuliandika jina la dimensia katika kadi, tutafute yanayotibika: sonona, upungufu wa vitamini B12, upungufu wa homoni za tezi ya shingoni, kaswende, VVU, damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka, na dawa zinazoulegeza ubongo. Tena tutofautishe mabadiliko ya miaka na mabadiliko ya saa au siku chache. Mzee aliyekuwa anazungumza Jumatatu na Jumatano akaanza kuweweseka au kusinzia mchana kutwa ana tatizo la dharura. Huenda ni malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu au upungufu wa maji mwilini. Huyo aletwe kituoni siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo ndipo linapokuja somo ambalo sikumpa yule msichana. Ni somo la nusu saa, na linaweza kutolewa na muuguzi yeyote.

Unapozungumna na mzee, simama mbele yake akuone, mwite kwa jina au kwa heshima aliyoizoea, sema sentensi fupi moja moja, umpe muda wa kujibu. Akisema anakwenda kuwapikia watoto waliofariki, usimkumbushe kila mara kwamba wamekufa, maana kwake huo ni msiba mpya. Muulize walipenda chakula gani. Ratiba ya siku isibadilike: kuoga, kula, kuota jua na kulala kwa saa zilezile. Mpe kazi anayoiweza, kama kuchambua maharage au kumenya ndizi ukiwa karibu naye, kwa kuwa mikono hukumbuka mengi ambayo ulimi umesahau.

Maji apewe kidogo kidogo mchana kutwa, kwani anaweza kusahau kiu. Ale akiwa ameketi wima. Akikohoa wakati wa kula, punguza tonge, lainisha chakula, na umpeleke achunguzwe. Apelekwe msalani kila baada ya saa mbili hivi kabla hajaomba. Aliyeshindwa kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, na ngozi ya kiuno, nyonga na visigino ikaguliwe kila siku. Wekundu usiofifia ukiubonyeza, au weusi wa ngozi uliogeuka rangi na kuwa wa moto, ni onyo kwamba kidonda kinakuja.

Kuhusu usalama, moto wa mafiga na kibatari visiachwe karibu naye akiwa peke yake. Badala ya kamba, funga kengele au debe mlangoni ili litoe sauti akitoka. Waelezeni majirani na mwenyekiti wa kitongoji kwamba mzee huyu ni mgonjwa, na akionekana njiani arudishwe kwa upole. Maelezo hayo si ya adabu tu. Kanda ya Ziwa imeshuhudia wazee, hasa wanawake, wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu yaliyosababishwa na moshi wa jikoni. Mzee anayezurura usiku na kusema peke yake yumo hatarini zaidi, na neno la muuguzi au daktari mbele ya majirani linaweza kumwokoa.

Najua pia kishawishi cha kumpa dawa za usingizi au zile za wagonjwa wa akili ili nyumba itulie. Dawa hizo huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye dimensia. Ziandikwe pale tu ambapo njia nyingine zimeshindikana na kuna hatari ya kweli, kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi.

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza husema kwamba wauguzi ni wachache, na nusu saa haipatikani. Nami najibu kwamba kidonda cha yule bibi kilisafishwa kila siku kwa wiki tatu. Nusu saa ambayo hatukuitoa mwanzoni tuliilipa mara nyingi mwishoni, na hatukumwokoa. Ya pili husema kutunza wazazi ni jukumu la familia. Sipingi. Lakini katika nyumba nyingi shamba hurithiwa na mtoto wa kiume, na kazi ya kumwogesha mzazi huangukia mkwe au mjukuu wa kike, asiyepumzika wala kuulizwa hali yake. Familia igawane zamu, na sisi tunapompima mzee tumpime pia anayemtunza: analala? anakula? anakata tamaa?

Kagera ina sababu ya pekee ya kuanza. Ni katika mkoa huu ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, bibi na babu waliwauguza watoto wao hadi kufa, kisha wakawalea wajukuu. Ugonjwa huo ulitufunza pia huduma kwa wagonjwa majumbani, yaani mhudumu kumfuata mgonjwa kitandani kwake, kumfundisha ndugu yake kumsafisha na kumlisha, na kurudi tena wiki inayofuata. Ujuzi huo bado upo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuongezewa somo hili, na kila zahanati ikawa na orodha ya wazee wenye dimensia katika eneo lake pamoja na majina ya wanaowatunza.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikwisha kutamka kwamba wazee wana haki ya matunzo na matibabu. Kilichobaki kwetu sisi watoa huduma ni kidogo na kiko ndani ya uwezo wetu: kumwita anayemtunza mzee aketi, kumwonesha kwa vitendo, na kuandika kwenye kadi tarehe ya kumwona tena. Nawe ndugu unayemtunza mzazi nyumbani, usikubali kuondoka kituoni na neno "mvumilie" peke yake. Uliza: "Nimtunzeje?" Swali hilo ni haki yako, na kulijibu ni wajibu wetu.